Simba Aliyechongwa Moroni

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haya kulisema. Fundi wa bunduki akiwa mpole mno, watu humletea bunduki yenye risasi ndani na kumwambia haina kitu. Mimi mteja akiingia dukani kwangu namwambia kwanza aweke chuma mezani, mtutu uelekee ukutani, halafu ndiyo tuamkiane. Asiyetaka, njia ni pana.

Jina langu Chanfi. Unguja nilikozaliwa waliniita Mngazija, na ufundi nilijifunza huko huko, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la bunduki. Mwaka wa sitini na nane nikahamia Moroni kwa wazee wangu, nako wakaniita Mzanzibari, na hilo jina halijabanduka mpaka leo. Kingazija nakisema, lakini kila nikifungua mdomo watu wa mtaani wanatazamana. Nikaona bora niufunge. Mke aliyekuwapo alibaki Unguja, akasema hawezi kufuata mtu asiyejua aendako. Basi nilikuwa nikipika wali wa mtu mmoja na kila siku unabaki, maana mkono wangu haujapata kujifunza kipimo cha mtu mmoja.

Haya ninayoyasimulia yalianza mwaka wa themanini na tano. Nchi ilikuwa na rais wake na mawaziri wake, lakini wenye nguvu walikuwa wazungu wa kukodiwa, wale mamluki walioshuka pwani mwaka wa sabini na nane wakapindua serikali kwa asubuhi moja. Wengine walioa kwetu, wakasilimu, wakapewa majina ya Kiislamu. Tuliwapisha njiani kama mtu anavyompisha ng'ombe dume asiyejulikana tabia yake.

Mmoja wao, Kapteni Rolan, alikuwa na maradhi ya kupenda silaha za kale. Majambia, panga, magobori, yote aliyatundika ukutani kwake. Siku moja akaniita kambini. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyochanwa kitabuni.

"Mutsamudu kuna mwanamke," aliniambia kwa Kifaransa, polepole, kwa sababu alijua changu ni cha kuokoteza. "Ana bastola ya gumegume, ile ya kuwashwa kwa jiwe, ya kijeshi. Anasema wazee wake walipewa na meli ya ile Kampuni ya Waingereza ya biashara ya Hindi, zamani walipokuwa wakitia nanga pale kuteka maji. Kaka yake ninaye hapa."

Kaka huyo alikuwa mwalimu, jina lake Aboudou. Walikuta karatasi za kuwatukana wazungu katika mtoto wa meza yake shuleni. Miezi mitatu alikuwa ndani, bila hakimu, bila siku ya kutoka. Dada yake alisikia habari ya ugonjwa wa Kapteni, akatuma neno: bastola kwa kaka.

"Nenda ukaikague," akasema Kapteni. "Ikiwa ya kweli, ataondoka na mtu wake." Akanisogezea ile karatasi. Ilikuwa na picha ya bastola, na pembeni alama iliyokuzwa: simba amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika taji. "Hii ndiyo alama ya Kampuni. Bila simba huyu usiniletee. Na hadithi pia usiniletee. Kila muuzaji ana hadithi ya kutu iliyokula alama. Wenzangu walishanicheka mara moja kwa jambia la bandia, hawatanicheka mara ya pili."

Nikapanda ndege ndogo hadi Ouani, kisiwa cha jirani, na kutoka hapo teksi mpaka Mutsamudu. Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya mji wa kale, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuze bega. Nikapiga hodi. Nilikuwa nimejiandaa kuhangaika na Kinzwani, lugha ya kisiwa hicho, ambacho nakisikia nusu. Sauti ya kike ikajibu kutoka ndani:

"Karibu, baba. Lakini viatu vibaki nje, nimeshapiga deki."

Kiswahili. Tena si cha kuombea maji, ni kile cha kwetu Malindi ya Unguja, cha kina mama wa barazani. Nilisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Mbona umeganda?" akasema. "Au umefuata nyumba nyingine?"

Alikuwa Bi Nadjati, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, amejitanda shiromani, nguo ya wanawake wa kisiwa kile. Baba yake alikuwa mshona kanzu Unguja, na yeye alikulia huko hadi miaka kumi na mitano, mama yake alipofariki Mutsamudu akarudishwa kuja kuishika nyumba. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Inatoka kwa mama inakwenda kwa binti, na vyote vilivyomo ndani yake huifuata. Mume alimfia, mtoto hakujaliwa, na mdogo wake Aboudou, aliyemlea tangu akiwa anatambaa, ndiye huyo aliyekuwa mikononi mwa wazungu. Nyumba ya vyumba sita, na ndani yake mtu mmoja. Niliijua hali yake kabla hajaisema, maana ilikuwa yangu.

Akanitandikia kitambaa mezani, akaileta bastola kwa mikono miwili.

Nikwambie jinsi ninavyopima chuma cha kale. Kwanza sikitazami, nakishika. Bastola ya askari ni nzito mbele, kitako chake kimefungwa shaba nene, kwa sababu ikishalia mara moja, kinachobaki ni kumpiga mtu nayo kichwani. Hii ilikuwa hivyo. Halafu nikatazama tundu la moto, pale cheche zinapoingilia kwenye baruti. Bastola ya pambo, tundu lake ni safi kama sikio la mtoto. La hii lilikuwa limeliwa na moto, limepanuka upande. Ilikuwa imefyatuliwa mara nyingi, na watu waliokuwa na haraka.

Kisha nikageuza ubavu, mahali pa alama, kwenye kile kibati kinachobeba kinyundo na jiwe la kiberiti. Hapakuwa na simba. Hapakuwa na kitu chochote. Chuma kilikuwa cheupe, laini, kinang'aa hata naona pua yangu.

"Bi Nadjati," nikamwuliza, "hii bastola mnaisafishaje?"

Akafurahi kuulizwa. "Kila mwaka, siku kumi kabla ya Maulidi, tunatoa vyombo vyote vya shaba uani. Masinia, mabirika, mirashi, na bastola pamoja navyo. Majivu, mchanga laini, ndimu, na kipande cha kumbi la nazi. Nilifundishwa na bibi, naye kafundishwa na bibi yake. Sisi si watu wa kuacha chuma kiote kutu, Fundi."

Mwaka kwa mwaka, bibi kwa bibi, kwa mchanga na ndimu! Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Wanawake wale kwa usafi wao walikuwa wameisugua alama ya Kampuni mpaka ikaisha, na kila mmoja wao alilala ameridhika. Nilitaka kumwambia maneno. Nikamtazama uso, amekaa wima kama mtoto anayengoja kusifiwa, nikayameza.

Nikafungua skrubu tatu, nikautoa mtambo. Ndani majivu hayafiki. Mle ndimo ulimokuwa ukweli wote: meno ya skrubu yamekatwa kwa mkono, hakuna mawili yaliyo sawa, mikwaruzo ya tupa ya mtu aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto, na pembeni, chini ya mafuta yaliyoganda, herufi mbili ndogo za fundi aliyeitengeneza. Nilizigusa kwa ncha ya kucha. Fundi mwenzangu, kafa zamani, na kazi yake bado inafyatuka.

"Ni ya kweli?" akauliza Bi Nadjati. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ni ya kweli."

"Basi Aboudou atatoka."

"Atatoka," nikasema, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Nikamwambia lazima niende nayo Moroni nikaipime vizuri, naye aje Moroni siku ya Ijumaa aikabidhi kwa Kapteni kwa mkono wake. Alikubali. Alinipakulia wali na samaki wa nazi, tukazungumza hadi alasiri: vichochoro vya Malindi, muuza kahawa aliyekuwa na jicho moja, mvua za mwaka gani sijui. Alinitania kwamba nakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Miaka kumi na saba sikuwa nimecheka kwa lugha yangu. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Dukani kwangu Moroni nilikaa na bastola ile siku tatu. Nilijua la haki: kwenda kwa Kapteni, kuufungua mtambo mbele yake, kumwonyesha zile herufi mbili na kumwambia habari ya majivu na ndimu. Lakini nilizisikia kauli zake. Hadithi asipelekewe. Angenifukuza, na mwalimu angebaki mle mle, na mimi ningekwenda kumwambia nini yule mama? Siku ya pili nikaanza kujiambia kwamba bastola yenyewe ni ya kweli, na kuirudishia kitu ilichokuwa nacho si uongo. Mtu akitaka kudanganya wengine huanza na nafsi yake, maana iko karibu.

Siku ya tatu nikafunga mlango, nikachukua patasi ndogo niliyopewa na yule Mhindi, nikamchonga simba. Nilimchonga kama alivyo kwenye karatasi ya Kapteni, miguu miwili, mkia juu, taji mkononi. Halafu nikamsugua kwa siki na chumvi na masizi mpaka akazeeka. Miaka yote ya kazi sikuwahi kukitia chuma uongo hata mara moja, na niseme kweli, mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa baada ya sala Bi Nadjati alifika, amevaa shiromani yake nzuri. Nilimkabidhi bastola ndani ya kitambaa mlangoni pa kambi, tukaingia. Mbele ya meza ya Kapteni akaifunua. Kabla hajaiweka, alipitisha kidole gumba ubavuni mwake, taratibu, akarudia tena. Nikadhani anaiaga.

Kapteni akachukua lenzi. Akamtazama simba, akamtazama tena, akatabasamu. Jumamosi asubuhi Aboudou akatoka, kakonda hata koti lilikuwa likimtembea mwilini. Dada yake alimshika mikono miwili, machozi yanamshuka.

Nikawasindikiza uwanja wa ndege. Aboudou alinishukuru kwa maneno mengi ya kiwalimu. Bi Nadjati alingoja kaka yake atangulie, akanigeukia.

"Fundi, kabla sijaondoka. Huna la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Nikasema, "Safari njema, Bi Nadjati."

Alinitazama kidogo. "Haya. Mlango wetu unaujua. Viatu unaviacha nje."

Sikwenda. Miaka minne na ushei sikwenda. Mara mbili alinitumia salamu kwa watu waliokuja Moroni, mara moja na chupa ya achari, na mimi niliirudisha chupa ikiwa tupu, imeoshwa, bila barua. Ningekwenda vipi kukaa kwenye ile meza? Kila nikimwaza, namwona na majivu mikononi, yeye na mabibi zake wote, wanasugua kwa imani, na mimi nimekuja juu ya kazi yao nimeandika uongo. Nikarudi kwenye wali wangu unaobaki. Zamani upweke wangu ulikuwa wa mtu asiyejulikana. Sasa ulikuwa wa mtu anayejua mahali anapongojwa na hathubutu kwenda, na huo ni mzito zaidi, wallahi.

Mwisho wa mwaka wa themanini na tisa rais aliuawa, na wiki chache baadaye wazungu wale wakaondolewa nchini. Walibeba walichoweza. Siku ile ile mwanamke aliyekuwa akimfulia Kapteni, Rahmati wa Vouvouni, alinijia dukani na kisanduku. "Kasema hiki ni chako, Fundi."

Ilikuwa ile bastola. Pamoja nayo palikuwa na barua ya bingwa mmoja wa huko Ulaya, ambaye Kapteni alimpelekea akaikague. Nilimpa kijana wa posta anifasirie, halafu nikaisoma mwenyewe mara ishirini. Ilisema hivi: herufi mbili zilizo ndani ya mtambo ni za fundi wa London aliyekufa kabla Kampuni haijaanza kutumia alama ya simba. Zama zake alama ilikuwa nyingine. Bastola ni ya kweli, na ni ya kale na ya thamani kuliko mwenyewe anavyodhani. Simba ni wa juzi, na aliyemchonga ameiharibu.

Chini yake Kapteni alikuwa ameandika kwa mkono: Umefanya nichekwe mara ya pili. Kaa nayo.

Ebo. Nilikuwa na zile herufi mkononi mwangu. Nilizigusa kwa kucha. Chuma kilinieleza chenyewe kimezaliwa lini, nami nikaacha kukisikiliza, nikaisikiliza karatasi ya mzungu. Kama ningeifungua bastola ile mbele ya Kapteni na kumwambia aipeleke kwa bingwa wake hivyo hivyo ilivyo nyeupe, ningekuwa nimesema kweli na bingwa angenishuhudia. Huenda Aboudou angekaa ndani mwezi zaidi. Huenda mwaka. Huenda asingetoka. Hilo sitalijua, na ndiyo maana siwezi hata kujilaumu nikamaliza.

Niliiweka chini ya kitanda miezi minane. Tisa, nikisema kweli. Kisha Maulidi yakakaribia, nikaona siwezi kuyapitisha na kitu cha watu uvunguni kwangu. Nikapanda meli kwenda Mutsamudu.

Mlango ulikuwa wazi. Nikavua viatu, nikapiga hodi, nikaingia moja kwa moja mpaka uani. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, vyombo vya shaba vimemzunguka, majivu mpaka kwenye viwiko. Peke yake. Aboudou alikuwa amekwenda Reunion kutafuta kazi na hakuwa amerudi. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Fundi," akasema, bila kuacha kusugua. "Nilidhani umekufa. Nikasema, basi angalau angenitumia mtu wa kuniambia."

Nikaweka kisanduku mbele yake, nikasema yote nikiwa nimesimama. Majivu, simba, barua, chuki yangu juu ya usafi wao, wali unaobaki, kila kitu. Nadhani nilisema kwa hasira, maana sijui kusema kwa namna nyingine. Nikamaliza kwa kusema, "Nimeitia uongo bastola ya mabibi zako, na ilikuwa ya kweli."

Akaifunua. Akapitisha kidole gumba ubavuni, taratibu, akarudia, vile vile kama siku ile mbele ya Kapteni.

"Fundi Chanfi," akasema, "mimi nimeisugua bastola hii tangu nina miaka kumi na mitano. Wewe ulidhani siujui uso wake?"

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

"Nilimjua simba wako kabla mzungu hajachukua kioo chake. Nikanyamaza, kwa ajili ya Aboudou. Pale uwanja wa ndege nikakuuliza, ukaniambia safari njema. Nikajisemea, atakuja. Mtu akifanya jambo kama lile kwa ajili yangu, atakuja mwenyewe aniambie, nami nimshukuru. Nikakaa kukungoja." Akaiweka bastola mapajani. "Mficha uchi hazai, Fundi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipika wali na fungu lako ndani yake."

Nilikuwa nimeiba miaka ya watu wawili kwa kuona haya, na mmoja wao alikuwa mimi. Baadaye, kwa kuwa fundi hajui kufariji ila kwa kazi, nikasema, "Nikimpiga tupa atatoka. Saa moja tu."

"Chuma chako hakigusi tena kitu cha nyumba hii." Akakata ndimu vipande viwili, akanitilia majivu kwenye kiganja. "Kwa hivi, atafutika lini?"

Nilimtazama simba. Nilikuwa nimemchonga vizuri, laana tupu. "Tukisugua sote wawili, kila Maulidi, labda miaka thelathini."

"Mimi nina hamsini na saba."

"Mimi sitini na moja."

Alisogea kidogo, akanipa nafasi kivulini. Nikachukua kipande cha kumbi, nikakichovya kwenye ndimu, nikaanza na mkia.